Kabla Hujalipa Saa Zako: Ushauri kwa Wanaotaka Kuanza Gemu za RPG

Maswali ninayoulizwa kuhusu gemu za kompyuta za kuvaa uhusika, hizi ambazo wachezaji wenyewe huziita RPG, ni yale yale matatu. Kijana ananiambia: "Nimenunua, nimecheza siku mbili, nimechoka. Nimekosea wapi?" Mwenye kazi na familia anataka kujua kama zinastahili muda wake mchache. Na mzazi anauliza kama zinamharibu mtoto. Nimekuwa nikijibu mtu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Msimamo wangu niuseme mapema. Hakuna gemu zinazokufanya uishi na matokeo ya uamuzi wako kama hizi, na hakuna gemu zinazokula muda kama hizi. Uzuri huo na ubaya huo vimetoka mfuko mmoja. Uamuzi hauwezi kukuuma kama hujakaa na watu wa hadithi kwa saa nyingi. Lakini mtengenezaji akishajua kwamba utakaa, anapata kishawishi cha kukujazia saa nyingine ambazo hazina kitu ndani. Ushauri wote ulio hapa chini una lengo moja: upate saa za aina ya kwanza, uziruke za aina ya pili.

## Tuelewane kwanza

Gemu hizi zilizaliwa mezani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na dadu ndizo zinazoamua kama upanga umepata au umekosa. Kompyuta ikaja kuchukua kazi ya msimulizi na kazi ya kurusha dadu. Ultima na Wizardry zilitoka mwaka 1981, na Wajapani wakaja na Dragon Quest mwaka 1986.

Nimelitaja hilo kwa sababu moja tu. Ukifungua gemu ukakuta "Nguvu 14, Wepesi 12, Busara 9", usitishike. Unatazama karatasi ile ile ya mezani. Mhusika mwenye Wepesi mdogo hatafungua kufuli kirahisi, na mwenye Busara ndogo atadanganywa. Hayo ndiyo yote unayohitaji kujua siku ya kwanza.

Si kila gemu yenye upanga na joka ni RPG. Kabla ya kununua, jiulize:

- Je, mhusika wangu anabadilika kadiri ninavyocheza, na ni mimi ninayeamua abadilike vipi?
- Je, kuna zaidi ya njia moja ya kumaliza tatizo: kupigana, kusema, kuiba, kukimbia?
- Je, watu wa gemu wanakumbuka nilichofanya?

Ikiwa jibu ni ndiyo kwa swali la kwanza tu, utakuwa unatazama namba zikipanda. Wapo wanaofurahia hilo, ila wewe ujue mapema ndicho unachonunua.

## Zinachokupa ambacho hukipati kwingine

Chukua Fallout ya mwaka 1997. Unatoka kwenye handaki walimojificha watu baada ya vita vya nyuklia, umetumwa kutafuta kifaa cha kusafishia maji, na umepewa siku 150. Zikiisha, watu wako wamekufa na gemu imekwisha. Sasa, unapomtengeneza mhusika wako, unaweza kumpunguzia Akili umwongezee Nguvu. Ukiipunguza hadi 3 au chini ya hapo, hataweza kuongea sawasawa. Mtu atamuuliza swali la maana, na majibu utakayoletewa uchague ni miguno na vipande vya maneno. Misheni nyingi zitafungwa mbele yako kwa sababu hakuna anayekuamini kiasi cha kukupa kazi. Ni gemu ile ile na ramani ile ile, ila maisha ni mengine kabisa. Filamu haiwezi kukupa hilo, wala riwaya.

Disco Elysium, iliyotengenezwa na watu wa studio ya ZA/UM iliyoanzia Estonia na kutoka mwaka 2019, inakwenda mbali zaidi. Unaamka sakafuni kwenye chumba cha hoteli, wewe ni askari mpelelezi, hukumbuki hata jina lako, na tai yako inazunguka kwenye feni ya dari. Unataka kuichukua? Gemu inakupigia dadu. Kama mwili wa mhusika wako uliupanga uwe dhaifu, mkono unaponyooka moyo unaweza kusimama na ukafa palepale, kabla hata hujavaa suruali. Wengi hukasirika. Mimi nadhani ndiyo dakika bora ya kumfundisha mtu RPG ni nini: ulichokiandika kwenye karatasi ya mhusika ndicho mwili wako.

Na kuna The Witcher 3 ya Poland, ya mwaka 2015, inayotokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski. Katika nchi ya vinamasi iitwayo Velen utakutana na roho iliyofungwa chini ya mti. Inaomba uiachie huru, na inaahidi kuokoa watoto fulani. Kijiji cha jirani kinataka uiue. Sitakuambia kinachofuata kwa kila njia. Nitasema tu kwamba hakuna jibu lisilo na maiti, na kwamba gharama yake huioni siku hiyo; unakutana nayo saa kadhaa baadaye, umeshasahau. Nilipofika hapo nilifunga laptopu nikatoka nje kidogo.

Uzito wa namna hiyo ndio ninaousifia RPG. Faida nyingine zipo, nazipitia haraka: zinafundisha kupanga rasilimali chache, zinakulazimisha kusoma, na nyingi huchezwa na mtu mmoja bila intaneti baada ya kupakuliwa, jambo ambalo kwetu si dogo.

## Udhaifu wake, bila kuuficha

Kujazia. Huu ndio mkubwa. Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 inakuleta mapema kwenye eneo liitwalo Hinterlands, lenye misheni ndogo ndogo zisizoisha: kusanya mimea, peleka barua, tafuta nyama. Wachezaji wengi walidhani lazima wamalize zote kabla ya kusonga, wakachoka hapo hapo, wakaiacha. Ushauri uliosambaa baadaye kati ya wachezaji ulikuwa neno moja: ondoka. Skyrim ya mwaka 2011 nayo ina misheni zinazotungwa na kompyuta yenyewe, ambazo haziwezi kwisha kwa sababu hazina mwisho. Ukijiambia utazimaliza zote, utazeeka humo.

Namba kushinda hadithi. Katika Oblivion ya mwaka 2006 maadui walipanda ngazi pamoja na mchezaji. Ukawa na nguvu, nao wakawa na nguvu. Ikafika mahali jambazi wa barabarani anakuomba sarafu 100 huku amevaa deraya ambayo bei yake ingemtosha kuacha ujambazi. Ulimwengu ukikosa akili namna hiyo, uamuzi wako nao unapungua thamani.

Uhuru wa kupakwa rangi. Mara nyingi utapewa majibu manne ya kuchagua na yote yanaishia chumba kimoja. Mass Effect 3 ilipotoka mwaka 2012, wachezaji walilalamikia mwisho wake kwa nguvu kiasi kwamba watengenezaji walitoa nyongeza ya bure ya kuupanua mwaka huo huo. Watu walikuwa wamebeba maamuzi yao kupitia gemu tatu, na waliona mwisho haukuyajali.

Kutoka zikiwa mbichi. Gemu kubwa kiasi hiki zina maelfu ya mambo yanayoweza kugongana. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hitilafu nyingi hadi Sony wakaiondoa dukani kwao. Ilirudi Juni 2021. Leo ni gemu nzuri. Funzo lake liko kwenye hatua za kununua hapa chini.

Lugha. Hakuna hata moja kati ya gemu ninazozitaja kwenye makala haya yenye maandishi ya Kiswahili, na Disco Elysium peke yake ina maneno zaidi ya milioni moja. Kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, hili litakuchosha kuliko joka lolote. Nitalirudia.

## Kabla hujanunua: hatua kwa hatua

1. Hesabu saa, kisha hesabu fedha. Undertale inamalizika kwa saa kama sita. Disco Elysium ni kati ya 20 na 30. The Witcher 3, ukifuata hadithi kuu tu, ni kama 50, na ukigusa mengi inapita 100. Baldur's Gate 3 ni hivyo hivyo. Kama una saa tano tu kwa wiki, saa 100 ni miezi mitano. Uko tayari?
2. Pima mashine yako. Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya GB 150 na inataka diski ya SSD. Skyrim Special Edition inataka GB 12. Undertale haifiki hata GB moja. Ukiwa na laptopu ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki, achana na za miaka ya karibuni. Kuna hazina ya miaka ya 1997 hadi 2003 itakayochezeka bila taabu.
3. Hesabu bando. Kwa mwenye GB 5 kwa siku, GB 150 ni siku 30 za kupakua bila kufanya kitu kingine. Kama una rafiki mwenye gemu hiyo hiyo, duka la mtandaoni la Steam lina njia ya kuihamisha kutoka kompyuta yake kuja yako mkiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani, bila kugusa bando. Ila nawe uwe umeinunua.
4. Usinunue siku ya kwanza. Subiri angalau miezi sita. Hitilafu zitakuwa zimerekebishwa na bei itakuwa imeshuka. Gemu za RPG haziozi. Fallout ya 1997 bado ni nzuri.
5. Tumia haki ya kurudisha. Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Hapa wengi hunaswa: RPG inaweza kula dakika 40 unachagua nywele na pua ya mhusika. Kwa hiyo ukishanunua, usikae kwenye pua. Chagua mhusika yeyote, ingia, angalia kama picha zinakwenda bila kukwama na kama maandishi unayaona. Ukiridhika, anza upya kwa utulivu.

Neno kuhusu gemu za kunakiliwa zinazouzwa kwenye flashi. Najua bei inavyobana. Lakini RPG ndiyo aina mbaya kuliko zote ya kununua hivyo: haipati marekebisho, na hitilafu ya saa ya 60 ikikufungia mlango wa hadithi, hakuna pa kukimbilia. Mara nyingi pia inakuja na virusi. Nunua gemu halali ya zamani wakati wa punguzo badala ya gemu mpya ya wizi. Duka la GOG huuza nyingi za zamani, na faili zake unaweza kuzihifadhi kwenye diski yako ukazifunga tena bila intaneti.

## Saa kumi za kwanza

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua kiwango cha ugumu cha chini. Hakuna anayekutazama. Ukipigwa na mbwa mwitu mara nane mfululizo, hadithi inakatika, na hadithi ndiyo uliyoijia. Utapandisha baadaye.

Mpe mhusika kitu kimoja anachokiweza. Kosa la kila anayeanza ni kugawa pointi sawa kwa sawa: upanga kidogo, uchawi kidogo, maneno kidogo. Matokeo yake ni mtu asiyeweza lolote. Amua: huyu ni msemaji, au huyu ni mwizi, au huyu ni wa ngumi. Pointi zote muhimu zielekee huko. Kama huna uhakika, chagua msemaji. Katika gemu nyingi nzuri mwenye maneno huona milango mingi zaidi ya hadithi, na hata Fallout inaweza kumaliziwa kwa kumshinda adui mkuu kwa hoja.

Hifadhi mara kwa mara, kwenye mafaili tofauti. Nasisitiza hili kwa uchungu. Nilikuwa na faili moja tu ninaloliandika juu yake kila mara. Jioni moja umeme ulikatika wakati gemu iko katikati ya kuhifadhi. Uliporudi, faili halikufunguka tena. Saa 40 za mchezo, pamoja na kikosi nilichokilea tangu mwanzo, zilipotea. Tangu siku ile nina mafaili matatu ninayoyazungusha, na kila Jumamosi nanakili folda nzima kwenye flashi. Fanya hivyo. Itakuchukua dakika mbili.

Acha mizigo. Katika Skyrim unaanza ukiwa na uwezo wa kubeba uzito wa 300, na mfupa mmoja tu wa joka una uzito wa 15. Ukiokota kila sahani na kila kabichi, mhusika atashindwa kukimbia na wewe utatumia jioni nzima kwenye orodha ya vitu. Kanuni yangu: kama kitu hakinisaidii kupigana, kutibu au kufungua, na bei yake haizidi mara kumi ya uzito wake, nakiacha chini.

Tumia dawa zako. Karibu kila mchezaji hufika mwisho wa gemu akiwa na chupa 60 za dawa alizoziweka akiba kwa ajili ya bosi, yaani adui mkubwa. Akiba hiyo haina benki. Kunywa.

Ondoka eneo la kwanza. Hadithi kuu ikikuita, ifuate, hata kama ramani bado ina alama nyingi. Misheni za pembeni nazichuja hivi: nasikiliza mazungumzo ya mwanzo; kama mtu anaeleza jambo lililompata, naichukua. Kama anataka ngozi kumi za mbwa mwitu, namuaga.

## Makosa ya wale waliokwisha kuzoea

- Kurudia kila wanaposhindwa. Baldur's Gate 3 inarusha dadu yenye nyuso 20 mbele ya macho yako. Ukipata 1 umeshindwa hata uwe nani. Kishawishi cha kurudisha faili la nyuma ni kikubwa. Jizuie, labda kama mtu wa kikosi chako amekufa. Gemu hiyo iliandikwa ikijua utashindwa, na baadhi ya matukio yake mazuri huyaoni mpaka ushindwe. Undertale ya mwaka 2015 ni kali zaidi kwa hili: kuna mtu mwanzoni unayeweza kumuua au kumsamehe, na ukimuua kisha ukarudi nyuma kumsamehe, yupo atakayekuambia anajua ulichofanya.
- Kucheza na mwongozo wa mtandaoni pembeni. Ukijua jibu la kila swali, hujaamua kitu. Mwongozo ufungue pale tu umekwama kwa zaidi ya nusu saa.
- Kumaliza kwa lazima. Gemu imekuchosha saa ya 30? Iache. Huna deni nayo. Hii ni tofauti na kitabu cha shule.
- Kuanza tatu kwa mpigo. Ukirudi kwenye ya kwanza baada ya wiki sita, hukumbuki nani ni nani wala kitufe gani kinafanya nini.

## Za bure kwenye simu: tahadhari kubwa

Wengi mmeniambia hamna kompyuta, mnacheza RPG za bure kwenye simu. Nyingine zimetengenezwa vizuri sana. Genshin Impact ya kampuni ya miHoYo ya China, iliyotoka mwaka 2020, ina ulimwengu mpana na muziki wa hali ya juu. Lakini elewa unapolipia. Wahusika bora hupatikana kwa bahati nasibu: nafasi ya kumpata wa nyota tano kwa jaribio moja ni asilimia 0.6, na gemu inakuhakikishia mmoja ukifika majaribio 90. Hata huyo anaweza asiwe yule unayemtaka. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu kwa fedha ni kamari chini ya sheria zake.

Kwa hiyo:

- Usiunganishe kadi ya benki wala akaunti ya fedha ya simu na duka la gemu la simu hiyo. Ukitaka kununua, weka kiasi kamili, mara moja.
- Gemu ikikuambia "zimebaki saa tatu tu", funga. Haraka hiyo imetengenezwa kwa makusudi.
- Kabla ya kulipa mara ya pili, jumlisha ulizolipa. Zikifika bei ya gemu kamili ya kununua mara moja, umeshavuka mpaka.

Kwenye simu za Android zipo pia RPG za zamani za kununua mara moja bila bahati nasibu yoyote: Baldur's Gate ya kwanza ipo, na Star Wars: Knights of the Old Republic ya mwaka 2003 ipo. Ninazipendekeza kwa moyo wote kuliko za bure.

## Kwa wazazi

Tazama namba ya umri kwenye kasha au ukurasa wa duka. Alama za PEGI za Ulaya ni 3, 7, 12, 16 na 18. Skyrim, The Witcher 3 na Baldur's Gate 3 zote zina 18. Hazikupewa namba hiyo kwa ajili ya damu tu. Mbili za mwisho zina matukio ya faragha ya watu wazima. Baldur's Gate 3 ina mpangilio wa kuficha uchi, lakini mpangilio hauigeuzi kuwa ya mtoto wa miaka 12.

Swali la uchawi na mashetani ninaulizwa na wazazi wa dini zote, na ni swali halali. Ni kweli, RPG nyingi zimejaa waganga, miungu ya kubuni na viumbe wa kuzimu. Sitakuambia imani yako ikubali nini. Ninakushauri ukae na mwanao saa moja utazame mwenyewe, kisha muulize: "Kwa nini umemchagulia huyu jibu hilo?" Nimeona mazungumzo ya uongo, deni na msamaha yakianzia hapo kwa urahisi kuliko kwenye mawaidha. Kama bado hujaridhika, zipo RPG zisizo na mambo hayo, na una haki ya kukataa.

Kuhusu uraibu, Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kijana aliyekesha wikiendi moja si mgonjwa. Kijana aliyeacha shule, chakula na marafiki kwa mwaka anahitaji msaada wa daktari, na kumnyang'anya kompyuta peke yake hakutoshi.

Kwa nyumbani, weka mpaka wa misheni badala ya mpaka wa dakika. Ukimwambia "zima sasa hivi" akiwa katikati ya vita mahali pasipohifadhika, atapoteza kazi ya saa nzima na mtagombana bure. Mwambie: "Maliza hiyo, hifadhi, njoo ule." Halafu uhakikishe amekuja.

## "Lakini mimi..."

"...Kiingereza changu ni kidogo." Chagua gemu za zamu kwa zamu au zisizo na mapigano, ambapo mazungumzo yanakusubiri. Disco Elysium haikukimbizi, lakini Kiingereza chake ni kigumu, iache kwa baadaye. Undertale ni nyepesi. Washa maandishi ya chini hata pale wanapoongea. Weka daftari, andika maneno matano kwa jioni, si hamsini. Anayejua Kifaransa ajue kwamba Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotengenezwa na Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, na kutoka mwaka 2016, ina Kifaransa na Kiingereza, na hadithi yake imejengwa juu ya simulizi za Kiafrika.

"...sina muda, nina watoto." Basi usinunue ya saa 100. Cheza za saa sita hadi 30. Na usicheze dakika 15 kila siku. RPG haishikiki hivyo, kila ukirudi unaanza kukumbuka. Bora saa mbili mara moja kwa wiki.

"...naogopa kuchagua vibaya." Kuchagua vibaya kumo ndani ya bei uliyolipa. Mhusika aliyekosea ana hadithi nzuri kuliko aliyepatia yote.

"...sipendi kusoma." Nakuamini. Nunua gemu ya mpira.

## Uanzie wapi

- Mashine dhaifu, muda mfupi: Undertale.
- Mashine ya kawaida, msomaji wa riwaya, Kiingereza kizuri: Disco Elysium.
- Mashine nzuri, unataka hadithi inayosemwa kwa sauti na mapigano: The Witcher 3, na usisimame kwenye kila alama ya ramani.
- Mnataka kucheza marafiki wanne pamoja, na mna intaneti ya kuaminika: Baldur's Gate 3.
- Unapenda historia ya gemu zenyewe: Fallout ya 1997. Andika kwenye karatasi siku zilizobaki.

Skyrim nimeiacha nje ya orodha kwa makusudi. Ni nzuri, nami nimeicheza kwa miaka, lakini anayeanza anapotelea kwenye upana wake kabla hajaonja uamuzi hata mmoja wenye uzito. Iwe ya pili au ya tatu.

Chagua moja tu kati ya hizo. Anza siku ya mapumziko, asubuhi, umeshamaliza kazi za nyumbani na betri ikiwa imejaa. Usianze Jumapili usiku.